Mkopo Upimwe kwa Umri wa Mtoto

Yafuatayo ni mazungumzo ambayo mwandishi wa safu hii aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali za Mitaa, waliomwomba aseme juu ya madeni na matumizi ya nyumba katika miaka ya kulea watoto wadogo.



Mmeniita niseme juu ya deni na matumizi ya nyumbani. Ningeweza kulichukua jambo hili kama linavyochukuliwa mara nyingi katika semina zetu, yaani kumhimiza mtumishi ajinyime, aache anasa, aweke akiba, kisha tupigiane makofi na kwenda kunywa chai. Sitafanya hivyo, kwa sababu naamini ya kwamba wengi walioketi katika ukumbi huu hawana anasa ya kuacha. Mwalimu mwenye watoto wawili walio chini ya miaka mitano hakuingia katika deni kwa ajili ya pombe. Aliingia kwa ajili ya kiwanja, kwa ajili ya mabati, kwa ajili ya mama mzazi aliyelazwa, kwa ajili ya ada. Na aghalabu aliingia kwa kutia sahihi karatasi halali, mbele ya ofisa halali, na mwajiri wake akaipitisha.

Kwa hiyo sitauliza kwa nini tunakopa. Nitauliza jambo jingine: mkopo huo uliochukuliwa kihalali unapoanza kukatwa, ni nani nyumbani anayeulipa? Tumezoea kusema ni baba, au ni mama, yule mwenye jina katika mkataba. Mimi nasema tuitazame sufuria kwanza, ndipo tujibu.

Tuchukue mtumishi mmoja wa kufikirika, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Nimechagua kiasi hiki kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Kila mmoja wenu anaweza kuirudia jioni akiwa na hati yake ya mshahara mkononi. Asilimia 5 huenda katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, nazo ni shilingi 40,000. Zinabaki 760,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na zile 240,000 zilizosalia hutozwa asilimia 20. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya huchukua asilimia 3, yaani 24,000. Ikiwa ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachotoza asilimia 2, hiyo ni 16,000 nyingine. Na ikiwa alisoma chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo, kama tulivyosoma wengi wa rika langu, Bodi huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Tukijumlisha yote na kuyatoa, ndugu yetu anabakiwa na shilingi 532,000. Nawaomba mkumbuke ya kwamba hapo bado hajakopa popote kwa hiari yake.

Sasa anakwenda benki. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yote yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa ndugu yetu, theluthi hiyo ni shilingi 266,667. Ukuta huu ulijengwa ili kumkinga mtumishi, asije akafanya kazi mwezi mzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini tumeugeuza. Badala ya kuuona kuwa ni ukuta ambao hatupaswi hata kuukaribia, tunauona kuwa ni kipimo cha haki yetu. Mtu akiingia katika ofisi ya mikopo hasemi, "Nahitaji shilingi kadhaa kwa kazi fulani." Husema, "Niangalizie, nakopesheka kiasi gani?" Naye mwenye kumwangalizia, ambaye kazi yake ni kukopesha, humjibu kwa kiasi kinachoufikia ukuta wenyewe.

Tuseme jibu ni shilingi milioni 12 kwa miezi 72, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni linalobaki. Makato yatakuwa shilingi 260,300 hivi kila mwezi. Ndugu yetu atabakiwa na 271,700. Theluthi imehifadhiwa, sheria imefuatwa, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini gawanyeni kiasi hicho kwa siku 30. Ni shilingi 9,000 kwa siku, na humo imo kodi ya nyumba, nauli, umeme, maji, mkaa au gesi, sabuni, mshahara wa dada wa kazi na chakula cha watu watano.

Hapo sasa ndipo naomba tuitazame sufuria. Fedha inapopungua nyumbani, si kila tumizi hupungua. Kodi ya nyumba haipungui, kwani mwenye nyumba atagonga mlango. Nauli haipungui, kwani kondakta hakopeshi. Umeme ukiisha hujikata wenyewe, nanyi mtaununua. Kila tumizi lina mtetezi wake, isipokuwa moja tu, nalo ni chakula. Na hata katika chakula, baba atapata sahani yake kwa kuwa anatoka kwenda kazini, na mgeni atapata yake kwa kuwa ni mgeni. Aliyebaki ni yule wa miezi kumi na mitano. Maziwa yanatoka katika uji wake. Karanga zinafuata. Yai la kila siku linakuwa la Jumapili, kisha linakuwa la sikukuu. Naye halalamiki, kwa sababu hana maneno ya kulalamika. Na wala hatuoni kuwa ana njaa, kwa sababu tumbo lake limejaa ugali na mchuzi mwepesi. Huyo, ndugu zangu, ndiye anayeulipa mkopo.

Msidhani natia chumvi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 100 wa nchi yetu walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na mikoa iliyokuwa na hali mbaya kupita yote haikuwa mikoa ya ukame. Ilikuwa Iringa, ambako watoto waliodumaa walikaribia 57 katika kila 100, na Njombe na Rukwa, ambako walikuwa kama 50. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi mahindi! Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kudumaa ilhali ghala limejaa na tumbo lake limeshiba, kama sahani yake ni ya nafaka tupu. Tusijifariji, basi, kwamba udumavu ni jambo la watu wasio na mshahara. Nyumba yenye mshahara uliokwisha kuwekwa rehani inaweza kula vile vile.

Wataalamu wa lishe wanatufundisha kuhesabu siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili. Yanayojengwa katika siku hizo, mwilini na katika akili, ni vigumu mno kuyajenga baadaye. Mwalimu wa darasa la tatu anawajua watoto hawa ijapokuwa hajui hesabu ya siku zao. Ni wale wanaokaa kimya, wanaochoka upesi, wanaoelezwa jambo mara nne. Huwa tunasema "hana akili". Pengine wakati akili hiyo ilipokuwa ikijengwa, fedha ya yai ilikuwa ikilipa bati.

Hii ndiyo sababu nasema mkopo upimwe kwa umri wa mtoto. Tumezoea kuupima kwa shilingi, na wale waangalifu zaidi huupima kwa riba. Vyote viwili ni vyema, lakini havitoshi. Kabla hujatia sahihi, chukua karatasi, andika jina la kila mtoto, na mbele ya jina andika umri wake siku makato yatakapoanza na umri wake siku yatakapokwisha. Mtoto wa miezi mitatu, katika mkopo wa miezi 72, atakuwa na miaka sita na miezi mitatu. Miaka yake yote ya kunyonya, ya kulikizwa, ya kliniki na ya darasa la awali itapita chini ya kivuli cha makato hayo. Deni lina njia zake: benki inaweza kukubali kulipanga upya, mwajiri anaweza kupandisha daraja, mshahara wenyewe unaweza kuongezwa, kama kima cha chini cha utumishi wa umma kilivyopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mwaka wa pili wa mtoto, ukishapita, hakuna ofisi ya kwenda kuomba upangwe upya.

Kuna mtego mwingine ambao wengi huutumbukia mwaka wa pili au wa tatu, nao ni kuongeza mkopo kabla ya ule wa kwanza kwisha. Hebu turudi kwenye ile milioni 12. Katika mwezi wa kwanza riba peke yake ni 160,000, kwa hiyo kati ya zile 260,300 ni 100,300 tu zinazopunguza deni. Ndivyo mikopo ya namna hii inavyokwenda: miaka ya mwanzo hulipa zaidi riba, miaka ya mwisho hulipa zaidi deni. Baada ya miezi 24 ndugu yetu atakuwa amekatwa shilingi 6,247,200. Je, deni limepungua kwa kiasi gani? Kwa shilingi milioni 2.8 tu, bado anadaiwa kama milioni 9.2. Ndipo anaposikia ya kwamba anaweza kupewa tena milioni 12, benki ikate deni lake la zamani na kumkabidhi salio. Anaona amepata milioni 2.8 mpya. Kwa hakika amerudi mwezi wa kwanza, miezi 72 inaanza upya, na ile miaka ya mwanzo iliyo ya riba anailipa mara ya pili. Yupo mtumishi anayefanya hivyo mara tatu, naye hustaafu hajapata kuuonja mwaka wa mwisho wa mkopo wowote.

Je, nasema tusikope? Hasha. Mtumishi asiyekopa kabisa ni nadra kujenga. Nasema tuchague ukubwa na wakati. Ndugu yetu yule yule angekopa milioni 4 kwa miezi 36 kwa riba ile ile, makato yangekuwa kama 140,600, naye angebakiwa na 391,400, yaani zaidi ya 13,000 kwa siku. Tofauti kati ya nyumba hizi mbili ni shilingi 4,000 hivi kwa siku. Ni fedha ndogo katika mazungumzo ya ujenzi. Katika mazungumzo ya lishe ni maziwa ya watoto wawili, mayai na kisahani cha dagaa, kila siku ya Mungu, kwa miaka mitatu.

Naye atauliza, nyumba itajengwa lini? Nitamjibu kwa kumwomba apande daladala aelekee pembezoni mwa mji wowote wa nchi hii na ahesabu maboma: kuta zilizosimama, lenta imefungwa, hakuna paa, na pengine mti umeota sebuleni. Kila boma la namna hiyo ni mamilioni ya mkopo yaliyolala mvuani, na mwenyewe bado analipa kodi ya nyumba mjini na makato ya benki kwa pamoja. Nyumba iliyoanzwa kwa mkopo mkubwa mmoja mara nyingi huishia hapo, kwa kuwa fedha ilikwisha kabla ya bati na uwezo wa kukopa ulikwisha kabla ya fedha. Mimi namsifu zaidi anayenunua kiwanja, akakipima, akapanda miti yake, kisha akasubiri mtoto wa mwisho atimize miaka mitatu ndipo afyatue tofali. Watu watamcheka. Wamcheke.

Nigeukie sasa jambo la shule, na walimu wanivumilie. Tangu Januari 2016 Serikali haichukui ada wala michango ya lazima kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na shule za msingi za Serikali zinalo darasa la awali. Hata hivyo, mwalimu wa shule ya Serikali anakopa ili mwanawe wa miaka minne asisome katika shule ambayo yeye mwenyewe anafundisha, bali apandishwe basi la rangi ya manjano saa kumi na moja alfajiri, akalale njiani, akafundishwe nyimbo za Kiingereza. Sina ugomvi na shule za watu binafsi, zipo nzuri. Nina ugomvi na mkopo unaochukuliwa kwa ajili ya darasa la watoto wa miaka minne. Kama kuna fedha ya ada iliyo mkononi, na ilipwe. Kama haipo, mtoto wa umri ule anajifunza zaidi kwa mzazi anayemsomea kitabu jioni kuliko kwa mzazi anayekimbia wadai. Na mwalimu, kwa kazi yake, ndiye mzazi wa kwanza anayepaswa kulijua hilo.

Juu ya siri baina ya mume na mke, nitasema kwa ufupi, lakini kwa mkazo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi. Lakini mshahara, ambao ndio nyumba ya wale wasio na nyumba, aghalabu huwekwa dhamana kwa sahihi ya mmoja, na mwingine huja kulijua jambo hili siku anapoambiwa, "Mwezi huu tubane kidogo." Huo mwezi huwa miaka sita. Mke naye huwa na mikopo yake ya kikundi ambayo mume haijui. Watu wawili wanaolala kitanda kimoja wamekopa kwa ajili ya mtoto mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyebana. Natoa ombi dogo: hati zote mbili za mshahara na madaftari yote ya vikundi yawekwe juu ya meza moja, mara moja kwa mwezi, watoto wakishalala. Mara ya kwanza mtagombana. Mara ya tatu mtakuwa mnahesabu.

Sasa nije kwenye ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Humo haangukii mtu aliyepanga kukopa; huangukia yule aliyekwisha kubanwa na mkopo mkubwa, akafika tarehe 10 hana kitu, na mtoto ana homa. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, anachukua shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi anadaiwa 360,000. Hana, analipa zile 60,000 za riba tu. Akienda hivyo miezi kumi amelipa shilingi 600,000 na bado anadaiwa 300,000 zile zile. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za fedha zenye leseni chini ya Sheria ya mwaka 2018. Kwa kiwango hicho riba ya miezi hiyo kumi ingekuwa shilingi 105,000. Tofauti yake ni shilingi 495,000, nayo imetoka katika nyumba yenye mtoto mwenye homa.

Kuna na ile ya simu, inayokuja kwa kubonyeza mara tatu na isiyokuuliza kitu, kwa kuwa imekwisha kuyasoma majina yote yaliyomo katika simu yako. Ukichelewa, hao wote wanatumiwa ujumbe wa kukuaibisha: mkwe, mwalimu mkuu, katibu wa jumuiya. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Swali la kumwuliza mkopeshaji yeyote, wa mtaani au wa simu, ni leseni yake iko wapi. Anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu.

Lakini kwa nini tunafika tarehe 10 bila kitu? Sehemu kubwa ni makato niliyoyaeleza. Sehemu nyingine ni kwamba tunayafanya mambo yanayojulikana kuwa ni dharura. Januari ndiyo mfano wake. Mshahara wa Desemba mara nyingi huingia mapema ili watu wapate sikukuu, kwa hiyo fedha hiyo hulazimika kutembea zaidi ya siku 30. Katikati yake kuna Krismasi, safari ya kijijini na shule kufunguliwa. Kila mwaka tunasema Januari ni ndefu, kana kwamba imetushukia kutoka mbinguni. Tuseme sare, viatu na madaftari ya watoto wawili ni shilingi 240,000. Hiyo ni shilingi 20,000 kwa mwezi kuanzia Februari, ikiwekwa katika chama cha akiba na mikopo cha kazini au katika kikundi ambacho daftari lake linasomwa mbele ya wote. Ukiiweka katika kibubu cha nyumbani, nina mashaka nayo; kibubu huvunjwa na harusi.

Na harusi zenyewe tuzitaje. Mtumishi mmoja yumo katika makundi saba ya simu ya michango: harusi, kuagwa kwa bibi harusi, kipaimara, msiba, kuuguza. Msiba na ugonjwa siwezi kuviwekea mpaka, kwani huo ndio undugu wetu, nasi tutazikwa na hao hao. Lakini ahadi ya shilingi 100,000 kwa harusi ya mtoto wa mjumbe wa kamati uliyemjua jana, ilhali mwanao hajapata maziwa, si undugu. Ahadi ya mchango ni deni kama madeni mengine, ila yenyewe haina mkataba. Toa 20,000 mkononi siku hiyo hiyo, na usiandike ahadi. Mwenye harusi atakula nawe pilau vile vile.

Katika manunuzi ya chakula, yafaa tukumbuke ya kwamba tunaishi katika nchi ya wakulima na bado tunanunua kama watu wasio na misimu. Mahindi hushuka bei baada ya mavuno, katikati ya mwaka, na hupanda kati ya Desemba na Machi. Wanaonunua gunia mwezi wa Julai, wakalikausha na kulihifadhi vizuri, hula unga wa bei ya Julai mpaka masika. Wanaonunua kilo moja moja kwa daftari la duka hula unga wa bei ya siku ile, pamoja na kisirani cha mwenye duka. Mafuta ya kupimiwa katika kikopo na mkaa wa kopo ni ghali kuliko wa gunia. Maskini hulipa zaidi kwa kitu kile kile, kwa kuwa hana fedha ya mara moja. Kwa sababu hiyo, kama kuna mkopo mdogo ninaoutetea kwa moyo wote, ni ule wa chama cha kazini unaochukuliwa Julai kwa gunia la mahindi, gunia la mchele na debe la maharage, na kulipwa katika miezi minne. Huo hurudi ndani ya sufuria.

Vile vile tusinunue kile ambacho tumepewa bure. Maziwa ya mama katika miezi sita ya kwanza, bila hata maji, hayana deni, na hakuna kopo la dukani linaloyashinda. Mama mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha. Baada ya hapo anahitaji mkuu wa kazi mwenye utu atakayemruhusu akanyonyeshe, na wakuu wa shule walioko hapa wananisikia. Chanjo katika vituo vya Serikali hazilipiwi. Bima tunayokatwa kila mwezi inamhudumia mwenzi na wategemezi hadi wanne, lakini mtoto asiyeandikishwa hatambuliki dirishani. Wapo wazazi wanaokatwa 24,000 kila mwezi na bado wanakopa kwa ajili ya dawa, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakijafuatiliwa.

Na dada wa kazi je? Katika nyumba nyingi zenye deni, yeye ndiye mdai wa kwanza kucheleweshwa, kwa kuwa hana pa kwenda kushitaki. Huyu ndiye tunayemwachia mtoto kutwa nzima. Miezi mitatu bila mshahara, kisha tunashangaa kwamba uji uliungua. Mshahara wake ulipwe siku ile ile wetu unapoingia, kabla ya dukani.

Namalizia na wale waliokwisha kuzama, kwa kuwa najua wamo, na wengine wamekuja hasa kwa ajili hiyo. Ikiwa kadi yako iko kwa mkopeshaji, nenda benki kesho asubuhi, ifunge, upewe nyingine. Kadi ni mali ya benki, na namba ya siri ni yako peke yako. Kufanya hivyo si dhuluma. Deni liko pale pale, nawe utalilipa, lakini utalilipa kwa mkono wako baada ya kununua chakula, na kwa risiti. Mkikubaliana kiasi cha kila mwezi, kiandikwe, na shahidi awepo. Kama ana leseni, hana la kuogopa katika karatasi hiyo. Kama hana, akikutisha nenda polisi. Kama una madeni kadhaa, anza na lenye riba kubwa, hata kama ni dogo. Na kwa ule mkopo mkubwa wa benki, usiongeze. Uache uifikie ile miaka yake ya mwisho ambayo makato hupunguza deni kweli kweli. Ukipata malimbikizo ya mshahara, omba kwa barua yapunguze deni lenyewe, na uulize kabla kama benki ina tozo kwa kulipa mapema.

Ndugu Mwenyekiti, hapo mezani nimeweka karatasi zilizopigwa mistari: jina la mtoto, umri wake makato yanapoanza, umri wake yanapokwisha, na kinachobaki kwa siku. Hazina nafasi ya kuandika jina la mtumishi, kwa hiyo mtu asiogope. Naona mikono miwili imeinuliwa kule nyuma. Tuanze na mwalimu aliye karibu na dirisha.